Sura ya Tano: Siku Ambazo Hakuna Linalonoga

Pikapu za miraa hazisubiri mtu. Majani huchumwa Igembe alfajiri, hufungwa kwa majani ya mgomba yasinyauke, hupakiwa Maua, kisha huteremshwa kwa kasi hadi Thika, yakapita Juja na Ruiru kuelekea Nairobi. Muguka, aina ya miraa kutoka Mbeere, kaunti ya Embu, nao hupitia barabara hiyo hiyo. Wadi ya Theta, katika eneobunge la Juja, iko jirani na njia hii kuu, kati ya Thika na Ruiru, na sehemu ya mzigo haifiki Nairobi. Huteremkia kwenye vibanda vya jaba (miraa kwa lugha ya mtaani), steji za bodaboda na machimbo ya mawe.

Kasi hiyo ina sababu iliyo ndani ya jani lenyewe. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilitenga kutoka kwenye majani mabichi kemikali iitwayo kathinoni. Hiyo ndiyo inayochangamsha, lakini haidumu. Jani likishachumwa, kathinoni huanza kugeuka kuwa kathini, ambayo nguvu zake ni hafifu, na baada ya siku mbili hivi makali mengi yameshapotea. Mfanyabiashara anayemhimiza dereva aongeze mwendo anaokoa kathinoni, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia.

Kathinoni ni ndugu wa karibu wa amfetamini, kwa umbo na kwa tabia. Katika miaka ya 1980 Peter Kalix wa Chuo Kikuu cha Geneva alionyesha kwamba huzilazimisha seli za neva kumwaga dopamini ziliyoihifadhi, kama amfetamini inavyofanya. Kwa anayetafuna, kathinoni katika damu hufika kilele baada ya saa mbili hivi. Hapo ndipo mtafunaji husema ameshika handas: maneno yanatiririka, mipango inazidi kuwa mingi, njaa imepotea, na uchovu wa jana umesahaulika.

Kuhusu handas mengi yameshasemwa. Sura hii inahusu yanayomfika mtu akiacha.

Theta ni makao ya watu wanaofanya kazi saa ambazo mwili ungetaka kulala. Malori ya mawe ya ujenzi ya Ndarugu hushika barabara kabla jua halijachomoza. Viwanda vya Ruiru na Thika vina zamu za usiku. Mabawabu hukesha kwenye mageti ya majumba yaliyoota palipokuwa na mashamba. Wahudumu wa bodaboda humngoja abiria wa matatu ya mwisho, na wanafunzi wa Juja hukesha na vitabu. Kwa wengi wao jani lilianza kuwa kifaa cha kazi kabla halijawa starehe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliwakuta watumiaji wa miraa na muguka kuwa asilimia 3.6 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, yaani karibu watu milioni moja. Wapo waliowahi kujaribu kuacha angalau kwa muda, na wapo waliorudi.

Tumfikirie mmoja wao, kijana wa bodaboda wa Mugutha, aliyetafuna kila siku kwa miaka mitano kisha akaamua kwamba Jumatatu ndiyo mwisho. Siku mbili za kwanza analala mno na kula mno, kwa sababu mwili unadai deni la usiku mwingi usiolaliwa. Kufikia Alhamisi usingizi umetosha na njaa imetulia, ila kuna jambo geni. Mechi aliyoingoja wiki nzima inapita mbele ya macho yake bila kumgusa. Wimbo alioupenda haumwambii kitu. Mtoto wake anamkimbilia mlangoni, naye anambeba kwa mazoea tu, mikono ikifanya kazi ambayo moyo haumo.

“Una nini, mwanangu?” mama yake anamuuliza.

“Niko tu, mathe.”

Watu wa nyumbani hawakosi la kusema: kijana amekuwa mvivu, amekuwa na kiburi, afadhali hata alipokuwa akitafuna maana alikuwa akicheka. Naye mwenyewe ana la kwake, na hilo ndilo la hatari kuliko yote. Anaamini kwamba huyu ndiye yeye halisi, na kwamba maisha bila jani yatakuwa hivi hadi kaburini. Anayeamini hivyo atamaliza siku ngapi kabla ya kurudi kibandani?

Wote wamekosea, mama, majirani na kijana mwenyewe. Hali hii ni ya mwili. Imepimwa maabarani kwa takriban miaka hamsini, ina mwanzo na ina mwisho.

Kupima raha

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, James Olds na Peter Milner walipitisha waya mwembamba hadi ndani ya ubongo wa panya, wakampa kitufe ambacho akikibonyeza kinapeleka umeme kidogo sana hadi pale waya ulipokomea. Waya ulipofika sehemu fulani, panya alikibonyeza mamia ya mara kwa saa, bila chakula wala zawadi nyingine. Umeme wenyewe ndio uliokuwa zawadi. Watafiti walikuwa wamegusa njia za neva zinazompa kiumbe hisia kwamba hili ni jema, na lirudiwe.

Ugunduzi huo ulizaa kipimo. Ukipunguza umeme kidogo kidogo, hufika mahali panya anaacha kujishughulisha na kitufe kwa sababu haoni faida. Kiasi cha chini kabisa kinachotosha kumfanya abonyeze huitwa kizingiti cha raha. Kizingiti kikiwa chini, kidogo kinatosha kumfurahisha mnyama. Kikipanda, kilichomfurahisha jana leo hakimgusi.

Panya anapopewa amfetamini au kokeini, kizingiti hushuka, na kila kitu kinaonekana kitamu zaidi. Dawa inapokatwa ndipo mambo yanapogeuka. Mwaka 1976 Leith na Barrett walionyesha kwamba panya waliopewa amfetamini kwa siku kadhaa, kisha wakanyimwa, mwitikio wao kwa umeme ule wa raha ulididimia. Mwaka 1991 Athina Markou na George Koob, wa taasisi ya Scripps huko California, waliwaacha panya wajidunge kokeini kwa vipindi tofauti, kuanzia saa chache hadi siku mbili mfululizo, kisha wakaiondoa. Kizingiti kilipanda. Kadiri panya alivyokuwa ametumia kwa muda mrefu zaidi, ndivyo kilivyopanda zaidi na kuchelewa kushuka. Mwaka 1998 Markou na wenzake wakakuta jambo hilo hilo kwa panya walioachishwa nikotini, na kwao kizingiti kilibaki juu kwa siku kadhaa.

Maana yake ni nzito. Panya hana majirani wa kumsema, hana deni la pikipiki, hana fedheha ya kushindwa mbele ya watu. Hata hivyo ubongo wake, baada ya dawa kuondoka, unashindwa kuipokea raha ile ile uliyoipokea wiki iliyotangulia. Kwa hiyo tunapomwona kijana wa Mugutha amekaa kimya mbele ya mechi, hatuna haki ya kuanza na tabia yake wala malezi yake. Tuanze na kizingiti.

Kwa nini kizingiti hupanda

Ubongo haupendi kuyumbishwa. Dopamini ikimwagwa kwa wingi kila siku, seli zinazoipokea hujilinda. Hupunguza vipokezi vyake, yaani milango ambamo dopamini huingizia ujumbe, na zile zinazoimwaga hupunguza mwendo. Wakati huo huo ubongo huongeza kemikali za kuvuta upande wa pili, mojawapo ikiwa dinofini, ambayo huizuia dopamini na kuleta hisia ya unyong’onyevu. Siku dawa ipo, pande mbili hizi hushindana, na mtumiaji huona tu kwamba anahitaji kuongeza kiasi. Siku dawa haipo, breki zimebaki na injini imezimwa.

Aliyezoea chai ya vijiko sita vya sukari ataelewa. Mpe ya vijiko viwili, atakuapia kwamba haina sukari hata chembe. Chai ni tamu, ulimi ndio uliohama, na baada ya wiki kadhaa za vijiko viwili ulimi unarudi, ile ya sita ikawa haimezeki. Tofauti ni kwamba anayeacha kichangamshi hapotezi ladha ya kitu kimoja. Anapoteza ladha ya vyote kwa pamoja: chakula, mazungumzo, mapenzi, ibada, kazi iliyofanywa vizuri. Madaktari huiita hali hiyo anhedonia.

Kuna jambo la pili linaloongeza ugumu. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwachunguza nyani waliokuwa wakingoja matone ya maji ya matunda, aligundua kwamba seli za dopamini huacha kuitikia zawadi yenyewe na kuanza kuitikia ishara inayoitangulia. Ishara ikija na zawadi isifuate, seli hizo hunyamaza chini ya kiwango chao cha kawaida. Kwa mtafunaji wa Theta ishara ziko kila kona: majani ya mgomba yaliyofunguliwa mezani, njugu kwenye karatasi, bigijii iliyotafunwa na muguka, saa nane mchana, wenzake wa base, kijiwe chao cha kutafunia, wakianza kusogeza viti. Kila ishara inapiga hodi, na kila asipofungua anajikuta chini kidogo kuliko alivyokuwa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa wiki tatu kwa shangazi yake Murang’a bila shida, akarudi Theta na siku hiyo hiyo akawa na majani shavuni.

Miraa si kokeini

Haki inadai tuseme jambo hili waziwazi. Majaribio mengi niliyoyataja yalifanywa kwa amfetamini, kokeini na nikotini, dawa safi zilizoingizwa mwilini moja kwa moja. Jani linalotafunwa kwa saa nyingi hupeleka kathinoni polepole, na kishindo chake kwa ubongo ni kidogo. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani iliipima miraa na haikupendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa. Wanaoacha jani hutajwa kuwa na uchovu, huzuni kidogo, mitetemo midogo na ndoto mbaya kwa siku chache. Mtu anayetafuna harusini mara moja kwa miezi mitatu hana kizingiti cha kuhangaikia.

Lakini udogo wa kishindo haumsaidii yule aliyekipokea kila siku kwa miaka. Pia ni wachache wanaotumia jani peke yake. Wengi huambatanisha sigara, na usiku hutafuta pombe ya kuishusha handas ili walale. Anayeacha jani huku akikata sigara anaachana na vichangamshi viwili kwa mpigo, na nikotini imepimwa si kwa panya tu. Mwaka 2014 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti uliowapa wavutaji waliokaa saa 24 bila sigara mchezo mwepesi wa kompyuta. Walitazama michoro ya nyuso na kusema kama mdomo ni mfupi au mrefu, huku jibu moja likilipwa mara nyingi kuliko lingine. Kwa kawaida mtu huanza kuegemea jibu linalolipa bila hata kujitambua. Wavutaji waliokatwa nikotini waliegemea kidogo tu. Panya walioachishwa nikotini, katika mchezo uliofanana na huo, walifanya vivyo hivyo. Ubongo katika siku hizo unaona malipo, unayapokea, na bado haujifunzi kuyafuata.

Hilo linaeleza jambo linalowavunja moyo wake wengi na mama wengi. Unampikia, unamsifu, unamwambia watoto wamefurahi, naye anaonekana hajali. Sifa zako zinamfikia. Zinakuta mlango ulioegeshwa, ambao haujafungwa.

Je, ladha hurudi?

Hurudi. Ushahidi unaotia moyo unatoka kwa watumiaji wa methamfetamini, dawa kali kuliko jani kwa mbali. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake, katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, walichapisha picha za ubongo za watu 5 waliopimwa mapema baada ya kuacha, kisha wakapimwa tena baada ya miezi 12 hadi 17 bila dawa. Vibeba dopamini, ambavyo vilikuwa vimepungua, vilikuwa vimeongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Si kila uwezo wa akili ulirudi kwa kasi hiyo, lakini ubongo uliopewa muda ulijijenga upya. Ikiwa hali ni hiyo kwa methamfetamini, anayeacha muguka hana sababu ya kukata tamaa siku ya nne. Kwake, kwa kawaida, hesabu ni ya siku na wiki.

Wiki hizo zinahitaji kupangwa, na hapa ndipo tumekuwa wazembe kama taifa. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha utekelezaji. Kwa wiki kadhaa nchi ilibishana kuhusu wakulima wa Mbeere, ushuru wa kaunti na watoto wa shule. Hoja zote zilikuwa na uzito. Iliyosikika kidogo ni ya mtu ambaye angeamka kesho yake bila jani: atasaidiwa na nani, kwa njia gani, kwa muda gani? Kuondoa jani sokoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpitisha mtu kwenye siku ambazo hakuna linalonoga.

Kumvusha mtu

Hakuna dawa ya hospitali iliyoidhinishwa mahususi kwa utegemezi wa vichangamshi kama miraa, kokeini na amfetamini. Kuna njia iliyopimwa mara nyingi na kufaulu, na inapatana na elimu ya kizingiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont aliwapa watu waliokuwa wakiacha kokeini vocha za kununulia vitu kila walipoonyesha kwa kipimo cha mkojo kwamba hawajatumia. Thamani ya vocha ilipanda kadiri siku safi zilivyofuatana, na ilirudi mwanzo mtu alipoteleza. Waliopewa vocha walidumu katika matibabu na kuacha kwa muda mrefu kuliko wenzao. Tangu 2011 hospitali za maveterani wa Marekani zimeitumia njia hiyo.

Siri yake ni kwamba zawadi huja upesi, inaonekana kwa macho na huja kila mara. Ubongo ambao kizingiti chake kimepanda hausikii ahadi ya mbali kama “utakuwa mtu wa maana siku moja”. Husikia kilicho mkononi leo jioni. Theta haina haja ya kungoja mradi wa wafadhili. Kila steji ya bodaboda ina chama, na kila chama kinajua kuchanga kila siku na kulipa kwa zamu. Chama kinachomwekea mwenzao anayeacha kiasi kidogo kila siku aliyokaa bila jani, akakipokea Jumamosi mbele ya wote, kitakuwa kinafanya kwa lugha ya steji kile Higgins alichokifanya Vermont.

Mambo mengine ni ya kawaida lakini yana uzito. Siku za kwanza mwache alale, maana usingizi ni sehemu ya tiba. Kwa siku hizo asiendeshe lori wala pikipiki ya abiria, kwa kuwa aliyeachwa na kichangamshi anaweza kusinzia kwenye usukani mchana kweupe, na barabara kuu ya Thika haisamehe. Mwepushe na base yake ya zamani kwa wiki kadhaa, kwa sababu ishara zina nguvu kuliko nia. Mpe kazi ndogo zenye mwisho unaoonekana: kurekebisha boma, kupalilia, kumpeleka mtoto shule. Azifanye hata kama hazimnogei, kwa kuwa ladha hurudi kupitia kutenda. Ikiwa alikuwa akinywa pombe nyingi kila siku, asiikate ghafla bila daktari, kwani pombe ikikatwa ghafla inaweza kuua. Na akianza kusema kwamba maisha hayana maana au kwamba angependa kufa, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Thika Level 5 ipo karibu, na Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika.

Na wewe unayesoma huku umeacha juzi, na dunia nzima imekuwa na rangi ya majivu: hali hiyo haikuambii wewe ni nani. Inaonyesha kizingiti chako kilipo wiki hii, na kizingiti hushuka. Usiamue lolote kubwa kuhusu ndoa, kazi au uhai wako mpaka kishuke. Ukilemewa, piga 1192, nambari ya NACADA isiyolipiwa. Nanyi mnaoishi naye, mvumilieni wiki hizo kabla ya kumwita mvivu.